Usiniambie Iko kwa DNA

Kuna sentensi moja ambayo tunaitumia kama chumvi: "Iko kwa DNA." Jamaa akikosa kulipa deni, iko kwa DNA ya kwao. Msichana akifeli hesabu, si hata mamake alifeli? Iko kwa DNA. Mkimbiaji wa Iten akishinda mbio, tunasahau kilomita zote alizokimbia alfajiri kwenye baridi, tunasema ni jeni za kabila lake. Watafiti wameitafuta hiyo jeni ya kukimbia kwa miaka mingi na hakuna jeni moja iliyopatikana inayoeleza ushindi huo, lakini nani anajali? Uchaguzi ukikaribia, sentensi ileile huvaa gwanda: wale ni wezi, wale ni watu wa vita, ndivyo walivyoumbwa. Zamani tulisema "iko kwa damu." Tumebadilisha neno tu ili tuonekane tumesoma.

Mimi napinga. Na shahidi wangu ni kiumbe mwenye seli moja anayeishi kwenye maji ya kidimbwi.

Kama ulisoma Bayolojia kidato cha tatu, unamkumbuka binamu yake, Paramecium. Ulimchora kama soli ya ndara, ukamzungushia vinyweleo, ukaweka mistari ya kutaja sehemu: kiini kikubwa, kiini kidogo. Ukapata alama zako, ukafunga daftari. Hakuna aliyeuliza swali lililokuwa linakodoa macho pale kwenye karatasi. Kwani seli moja inataka viini viwili vya nini?

Tumchukue Tetrahymena, ambaye amechunguzwa sana kwenye maabara. Kiini chake kidogo ni ghala la urithi. Seli inapokula na kukua, kiini hicho hukaa kimya, jeni zake hazisomwi. Kiini kikubwa ndicho kinachofanya kazi ya kila siku: jeni zinasomwa, protini zinatengenezwa, maisha yanaendelea.

Njaa ikiingia, Tetrahymena hutafuta mwenzake wa jinsia tofauti, na wao wana jinsia saba, si mbili. Wawili hao hushikana, hubadilishana viini, na kila mmoja hupata kiini kipya cha mchanganyiko. Kiini hicho hugawanyika mara mbili, vinakuwa vinne. Hivyo vinne ni mapacha, DNA yao ni moja, herufi kwa herufi. Lakini viwili vinavyojikuta upande wa mbele wa seli hukua na kuwa viini vikubwa, na viwili vya nyuma hubaki viini vidogo. Soma tena polepole, bana. DNA ileile, mzazi yuleyule, kazi tofauti kabisa. Kilichoanza kuwatenganisha ni mahali walipojikuta wamesimama.

Tofauti inaandikwa wapi basi? Inaandikwa kwenye kromatini. DNA haielei uchi ndani ya kiini. Imezungushwa kwenye protini zinazoitwa histoni, kama uzi wa fundi ulivyozungushwa kwenye kijiti, na mchanganyiko huo wa uzi na vijiti ndio kromatini. Ikibanwa, jeni hazisomeki. Ikilegezwa, zinasomeka. Seli hubandika alama za kikemikali kwenye histoni kuonyesha wapi pafunguliwe na wapi pafungwe. Kwenye kiini kikubwa cha Tetrahymena, histoni zimejaa alama za asetili, kama kibao cha "tumefungua." Na ni kutoka kwenye viini hivyo ambapo maabara ya David Allis kule Marekani, mwaka 1996, ilitambua kimeng'enya kinachobandika asetili, ikakuta kinafanana na protini ya hamira iliyojulikana tayari kwa kusaidia kuwasha jeni. Tangu hapo ikawa vigumu kusema kwamba histoni ni vijiti tu.

Kiini kikubwa kipya kinapokua, mambo hunoga zaidi. Vipande vifupi vya RNA, vya herufi kama 28 hadi 30, hutengenezwa kutoka kwenye kiini kidogo, kisha hulinganishwa na DNA iliyomo kwenye kiini kikubwa cha zamani. Vinavyopata mwenzake humo huachwa. Visivyopata huenda kwenye kiini kipya, na vinaponasa, histoni za hapo huwekwa alama ya methili, kromatini hubanwa, na kipande hicho cha DNA hukatwa na kutupwa. Karibu theluthi moja ya urithi wote hutupwa hivyo. Kiini kikubwa cha zamani, baada ya kutoa ushauri, husinyaa na kumeng'enywa.

Vingi vya vipande vinavyotupwa ni mabaki ya DNA ya kurukaruka, ile inayojichomeka popote kama mtu wa kuruka foleni. Na kimeng'enya kinachokata kimetokana na ukoo huohuo wa DNA ya kurukaruka. Mwizi aliajiriwa akawa askari. Nyinyi wa "mtoto wa nyoka ni nyoka," kaeni chini kidogo.

Najua kuna msee ameshanyoosha mkono: "Si umesema kiini cha zamani ndicho kinachoamua? Basi ni yaleyale, mzazi anamwamulia mtoto." Swali zuri. Mwaka 1995 watafiti wa Ufaransa walidunga ndani ya kiini kikubwa cha Paramecium kipande cha DNA ambacho kwa kawaida hukatwa. Paramecium huyo alipopata kiini kikubwa kipya, kipande hicho hakikutupwa, kilibaki. Ghala la urithi halikuguswa. Kwa hiyo kinachopitishwa hapa ni kumbukumbu ya kile kilichowahi kusomwa, na kumbukumbu hiyo inaweza kubadilishwa.

Mwingine atasema hizi ni hadithi za kidimbwi. Haya, twende nyumbani. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, pia ni seli moja. Ana jeni kama 60 za kutengenezea protini inayojitokeza juu ya seli nyekundu aliyoivamia, na kwa kawaida husoma moja tu kwa wakati, nyingine zote zikiwa zimefungiwa kwenye kromatini iliyobanwa. Kinga yako ikishaizoea hiyo moja, baadhi ya vimelea huwa vimeshafungua nyingine. Jeni nyingine iliyofungwa vivyo hivyo ikifunguliwa, kimelea hugeuka kuwa umbo linaloweza kuambukiza mbu. DNA haijabadilika. Wewe ndiye unayetetemeka kitandani.

Na kwa haki, lazima nikubali kwamba DNA si mchezo. Familia nyingi za Magharibi na Pwani zinaijua selimundu, ugonjwa unaotokana na herufi moja tu iliyobadilika. Lakini hata hapo, mtoto kwa kawaida haugui miezi ya kwanza, kwa sababu jeni ya himoglobini aliyotumia tumboni bado inasomeka. Ikizimwa ndipo maumivu yanapoanza. Dawa ya haidroksiyurea humsaidia mgonjwa kwa kuongeza himoglobini hiyohiyo ya utotoni. Ukimwambia mzazi "iko kwa DNA, hakuna la kufanya," unamnyima mtoto wake dawa.

Ndiyo maana nakasirika. Sentensi hii hutumika kufunga mjadala pale tu unapoanza kuuma. Anayesema mtoto wa mtaa fulani ni mjinga kwa asili hatauliza kama shule ya mtaa huo ina walimu. Anayesema kabila fulani limeumbwa kuiba hatauliza nani alitia sahihi kwenye zabuni.

Sisemi kwamba Tetrahymena anaeleza siasa za Kenya. Nasema kitu kidogo zaidi: ikiwa kiumbe wa seli moja hawezi kuelezwa kwa DNA peke yake, wewe umepata wapi ujasiri wa kueleza watu milioni kadhaa kwa neno hilo? Akija mtu jukwaani na habari za "ndivyo walivyoumbwa," muulize: jeni ipi? Inasomwa lini? Nani aliifungua? Akishindwa kujibu, jua kwamba alichokuja kuuza si sayansi.

Na tafadhali, usinirudie wiki ijayo ukiniambia ati sasa iko kwa kromatini.