Hormuz iko Makongolosi

Nimepotea wiki mbili, mitihani ilinibana. Leo nimerudi na hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi kwenye semina ya Jiografia nilikuwa nawasilisha mada ya milango-bahari. Jamaa mmoja wa viti vya nyuma akadakia: "Hayo ya Waarabu na Wamarekani sisi yanatuhusu nini?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka.

Ndugu yangu, kwetu ni Makongolosi. Dhahabu ya kule haitoki kwa maombi. Maji ya kwenye duara yanavutwa na pampu ya dizeli. Dizeli ikipanda, mzee wangu anapunguza vibarua, na kila kibarua anayerudi nyumbani ana mtoto anayekosa daftari. Sasa hiyo bei kikomo ya EWURA inaanzia wapi? Inaanzia soko la Uarabuni, halafu gharama zinajumlishwa mpaka Chunya. Mwaka 2024 karibu moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani ilipita Hormuz. Sehemu yake nyembamba kabisa haizidi kilomita 40, yaani kama kutoka kwetu mpaka Chunya mjini!

Mwaka 2021 meli moja tu, Ever Given, ilikwama Suez siku 6 na dunia nzima ikapiga foleni. Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wakashambulia meli Bahari ya Shamu, nyingi zikalazimika kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema. Nauli hiyo hailipi Mhouthi, wadau. Analipa mnunuzi.

Mtasema hatuna manowari, tujue ili iweje? Mwaka 1965 Smith alipojitangazia uhuru kule Rhodesia, njia ya mafuta ya Zambia ilikatika. Wazee wetu hawakuwa na manowari pia. Walisoma ramani, na kufikia 1968 bomba la TAZAMA lilikuwa linapeleka mafuta kutoka Dar mpaka Ndola, likikatiza nyanda zetu hizi hizi. Anayejua njia inazibika wapi ndiye anayedai akiba na njia ya pili mapema.

Kosa ni letu walimu watarajiwa. Tunakariri "taja milango-bahari mitano", tunapata alama, tunasahau. Halafu tunaenda kuwakaririsha wengine.

Mimi nikipangiwa shule, kipindi cha kwanza naanza na kibao cha bei cha kituo cha mafuta. Hormuz itafuata yenyewe.

Naomba kuwasilisha.