Kuna Joto Msomera

Mdogo wangu alinitumia picha ya mwanawe akiwa kifua wazi saa moja asubuhi. Chini ya picha aliandika maneno matatu tu: "Kuna joto, kaka."

Kama umekulia Dar es Salaam au Tanga, labda huwezi kuelewa kwa nini mke wangu aliishika simu ile kwa muda mrefu bila kusema kitu. Boma letu liko Nainokanoka, kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, njia ya kwenda Empakaai. Mwezi wa saba ukungu unaingia jioni na kuondoka kesho yake saa nne. Unafungua mlango asubuhi na huoni zizi lililo hatua ishirini mbele yako, unasikia tu ng'ombe wakikohoa. Watoto wanalala na sweta mbili za mitumba na shuka juu yake, na bado usiku wanajisogeza kwenye moto mpaka unaogopa wataungua.

Mimi ni mwalimu, nafundisha Loliondo. Naishi chumba cha kupanga pale Wasso, nyumbani naenda shule zikifungwa. Kwa hiyo Julai 2024, usiku binti yetu wa miaka mitatu alipobanwa kifua, sikuwepo. Mama yake alimfunga mgongoni, akapanda kilima kutafuta mtandao, akanipigia. Kabla hajasema lolote nilisikia pumzi ya mtoto. Zahanati waliyofika asubuhi haikuwa na dawa. Ilibidi bodaboda iwapeleke mbali zaidi, kwenye matope, kwa fedha ambazo nilikopa kwa mwalimu mwenzangu saa kumi na moja alfajiri. Ilikuwa nimonia. Mtoto alipona. Ila tangu usiku ule swali ambalo tulizoea kulisikia kwa majirani likahamia ndani kwetu: twende Msomera, au tusiende?

Kwa asiyejua, Msomera ni kijiji cha Wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, kama kilomita 600 kutoka kwetu kwa barabara. Tangu Juni 2022 serikali inawahamishia huko wakazi wa Tarafa ya Ngorongoro wanaojiandikisha. Unapewa nyumba ya bati ya vyumba vitatu iliyojengwa na JKT, kiwanja, shamba la ekari tano, fedha taslimu, na lori la kubeba mizigo. Zoezi linaitwa la hiari. Mdogo wangu alijiandikisha mwaka 2023.

Nimesoma na vijana wengi ambao leo wako mijini, na kila nikiligusa jambo hili wananiuliza kwa upole wa kweli: sasa unang'ang'ania nini? Nyumba ipo, umeme upo, joto lipo, mtoto wako ana kifua. Wanadhani Mmaasai anabaki kwenye baridi kwa sababu anaabudu ng'ombe na mlima. Nataka kuwajibu, na nitaanza kwa kukubali. Ni kweli kuna baridi. Ni kweli inaua watoto. Sitaki kumsikia mtu wa upande wangu akiipamba baridi hiyo kama utamaduni.

Lakini tuulizane, kwa nini nyumba yetu ina baridi?

Nyumba yangu ni ya fito, udongo na samadi, aliyoijenga mke wangu kwa mikono yake kama mama yangu alivyojenga ya kwake. Ina tundu dogo la moshi. Si kwamba sijui tofali. Ndani ya hifadhi huwezi kuamka tu ukajenga nyumba ya kudumu. Ni lazima upate kibali, na kibali hicho watu wanakizungumza kama mvua ya mwezi wa tisa. Kulima nako kulikatazwa mwaka 1975, kukaruhusiwa 1992, kukakatazwa tena 2009, hivyo hata mahindi ya uji wa mtoto mgonjwa tunanunua yaliyotoka Karatu. Unamzuia mtu asijenge, unamzuia asilime, halafu unamwonea huruma kwamba ana baridi na njaa, na dawa ya huruma hiyo ni lori.

Na juu ya ukingo wa kreta, kwenye baridi hiyo hiyo, ziko hoteli. Zina kuta za mawe, mahali pa kuwashia moto, maji ya moto bombani. Mgeni anatoka Ulaya, analipa kwa usiku mmoja fedha ambazo mimi sizipati kwa mwezi mzima darasani, na asubuhi anatoka nje na kikombe cha kahawa kuutazama ukungu. Hajawahi mtu kumwambia ahamie Handeni kwa ajili ya afya yake. Baridi ya Ngorongoro ina tiba, na tiba yake inajulikana. Kilichoamuliwa ni nani atatibiwa hapo hapo na nani atatibiwa kwa kuondoka.

Najua jibu la serikali, na si jibu la kijinga. Wakati hifadhi inaanzishwa mwaka 1959 tulikuwa kama watu 8,000. Leo tumepita laki moja, pamoja na mifugo yetu. Ardhi ya kilomita za mraba 8,292 haijaongezeka. Sensa ya 1967 iliikuta Tanzania nzima na watu milioni 12, ya 2022 ikahesabu karibu milioni 62, na sisi tumeongezeka kwa kasi kuliko hiyo. Sikatai hesabu. Ninachouliza ni kwa nini hesabu hiyo inapigwa kwa vichwa vyetu tu, na magari ya watalii yanayopanga foleni kushuka kreta hayaingii kwenye jumla.

Pia kuna habari ya zamani ambayo wenzangu wa mjini hawakufundishwa. Babu yangu hakuzaliwa Nainokanoka. Alizaliwa upande wa Moru, ndani ya ile inayoitwa leo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwaka 1958 viongozi 12 wa kimila walitia saini karatasi ya kuiachia Serengeti, na jamii ikaambiwa ihamie Ngorongoro, ambako itaishi pamoja na wanyama. Mwaka uliofuata Gavana Turnbull aliliahidi baraza la Wamaasai kwamba maslahi ya watu na ya wanyama yakigongana huko, ya watu yatatangulia. Sasa karatasi ya pili inapita boma kwa boma. Mtu akikuambia "safari hii ni tofauti", humwiti mwongo. Unamwambia tu kwamba babu naye aliambiwa hivyo.

Wataalamu wanasema ng'ombe ni ng'ombe, atazoea. Labda. Kila mwaka, Januari mpaka Machi, nyumbu wanazalia kwenye mbuga za nyasi fupi kule Ndutu, na sisi tunapandisha ng'ombe milimani, maana nyumbu wakizaa wanaacha ugonjwa unaomuua ng'ombe. Tunawaachia nyumbu nyasi bora za mwaka mzima. Hatukuambiwa na mtafiti yeyote. Nyumbu wakishaondoka tunashuka, kiangazi kikikaza tunapanda, tunaweka ronjo huku na huku, na kuna malisho ya alalili ambayo hayaguswi ila kwa ndama na wagonjwa. Huo mpango wote umo kichwani mwa baba yangu na una thamani mahali pamoja tu duniani. Mdogo wangu aliondoka na ng'ombe wake. Nikimuuliza wako wangapi sasa anabadilisha mazungumzo, ananionyesha soketi ya ukutani.

Baba yangu, kwa taarifa yenu, ana wake watatu. Alipoelezwa habari ya vyumba vitatu alihesabu kwa vidole, akasema: "Chumba kwa kila mama. Mimi nitalala na mbuzi?" Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu kwetu nyumba ni ya mwanamke, yeye ndiye anayeijenga na ndiye mwenye mlango. Nyumba ya Msomera inakabidhiwa kwa mkuu wa kaya. Mama yangu, mwenye nyumba tangu akiwa msichana, kule angekuwa mwenye chumba.

Nije kwenye lile neno hiari. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa, na hilo ndilo neno lililoandikwa kwenye kila taarifa. Tarehe 10 Juni 2022 nilikuwa Loliondo. Vilikuwa vinawekwa vigingi kutenga kilomita za mraba 1,500 za malisho ya vijiji, ambazo mwezi ule ule zikawa Pori Tengefu la Pololeti. Askari polisi mmoja aliuawa. Wananchi walipigwa risasi, na mamia wakavuka mpaka kwenda Narok, Kenya, kutafuta matibabu na usalama. Darasani kwangu madawati yalibaki matupu. Mtoto mmoja alirudi baada ya wiki akiwa anaongea kwa kunong'ona, na mpaka leo anaongea hivyo. Tarehe 16 Juni, siku sita baadaye, mabasi ya kwanza ya hiari yaliondoka Ngorongoro kwenda Msomera.

Ni wilaya moja. Ni siku sita. Familia iliyopanda basi lile ilikuwa imesikia kilichotokea kwa shemeji zao wa Loliondo. Sisemi walishikiwa bunduki, maana hawakushikiwa. Nasema hiari inahitaji kwamba kubaki nako kuwezekane. Mwaka 2024 tuliona kubaki kunavyofutwa kwa karatasi: tangazo la serikali la Agosti 2 liliondoa kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Ngorongoro, kana kwamba tulioishi humo ni mvuke. Tarehe 18 watu kwa maelfu walijaa barabarani, wazee na akina mama wamekaa kwenye nyasi, na mwezi huo huo Mahakama Kuu ya Arusha ikalisimamisha tangazo. Desemba 1 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wetu jijini Arusha, akaahidi tume mbili, moja ya ardhi na moja ya zoezi lenyewe la kuhama. Tumezipokea ahadi hizo.

Hapa niwageukie na wenzangu, wale wanaharakati wa simu. Mnawaita waliohama wasaliti. Mdogo wangu si msaliti. Ni baba wa mtoto mwenye kifua, aliyechoka kuomba kibali cha kujenga choo. Na huko alikokwenda hakuwakuta watu hewa. Msomera ilikuwa na wenyewe, Wamaasai na wengine, na baadhi yao wanalalamika kwamba mashamba yao ndiyo yaliyokatwa ekari tano tano. Mdogo wangu anaishi na majirani wanaomsalimia nusu nusu. Mnataka ajibu kwa nani, kwao au kwenu? Ukimtukana mtu kwa kukimbia baridi, hakikisha kwanza wewe mwenyewe umewahi kuisikia pumzi ya mtoto wako kwenye simu.

Na joto nalo lina yake. Nyanda za chini zina malaria kuliko kwetu juu. Mke wangu alipomuuliza shemeji yake kwenye simu, alikubali kwamba wameshaugua wote wawili, yeye na mtoto. Hilo hakulipigia picha.

Mke wangu hakunirahisishia. Yeye ndiye anayeamka usiku, na alinikumbusha. Nilipomwambia tusubiri tume, alisema, "Baba Naserian, watoto hawasubiri tume." Nilipomweleza habari za 1958 alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama Serengeti ina dawa ya kifua. Tulibishana likizo nzima ya Desemba. Aliyesema kweli zaidi, nadhani, ni yeye. Mimi nilikuwa natetea ardhi nikiwa na chumba Wasso chenye mlango wa mbao na kitasa.

Kwa hiyo hatukujiandikisha, wala hakubaki kwenye ukungu. Januari nilimchukua yeye na watoto, tukaja Loliondo. Tunalala wanne kwenye chumba kimoja. Baridi ipo hata hapa, ila hospitali tunaifikia kwa miguu, na dirisha lina kioo. Naserian anakohoa, ila kikohozi cha mchana, cha kukimbia.

Siku ya kuondoka mama yangu hakulia. Aliuliza kuni ziko wapi. Anasema hataki mtu wa daftari apite akute nyumba ya mkamwana wake haina majivu ya jana, akaandika kwamba waliokuwamo wamehama. Kila jioni anaacha moto wake, anavuka ua, anaingia nyumba ya mke wangu na kuwasha. Anakaa humo peke yake mpaka kuni zishike, ndipo anarudi kwake kulala.