Miaka 40 ya baiskeli badala ya mabomu

Shirika la Bikes Not Bombs la mjini Boston, Marekani, lilitimiza miaka 40 mwaka 2024. Ni shirika dogo, na huenda wasomaji wetu wengi hawajawahi kulisikia. Hata hivyo, limekwisha kusafirisha makumi ya maelfu ya baiskeli zilizotumika kwenda Amerika ya Kati, Karibiani na Afrika. Tunalipongeza kwa dhati, na tunaona jubilei yake ina somo kwa anayetoa msaada na kwa anayeupokea.

Shirika hili lilizaliwa na hasira ya kisiasa. Mwaka 1984 serikali ya Rais Ronald Reagan ilikuwa ikiwaunga mkono waasi wa Contra dhidi ya serikali ya Sandinista ya Nicaragua. Wamarekani wawili, fundi baiskeli Carl Kurz na mtaalamu wa mipango ya usafiri Michael Replogle, hawakutaka upinzani wao uishie kwenye mabango. Walikusanya baiskeli zilizokuwa zikiozea kwenye magereji ya watu, wakazipeleka Nicaragua zitumiwe na walimu na wahudumu wa afya. Mwaka uliofuata Reagan aliiwekea nchi hiyo vikwazo vya biashara. Baiskeli ziliendelea kwenda.

Vita vile vilikwisha, lakini shirika likabaki. Mashirika mengi yaliyoanzishwa kwa hamasa ya siku moja hufa hamasa ikipoa. Hili lilidumu kwa sababu lilielewa kwamba kupeleka baiskeli ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Pedeli hung'olewa, usukani hugeuzwa ubavu, na baiskeli mia kadhaa huingia katika kontena moja. Ugumu huanza kontena likishafunguliwa. Baiskeli ya mtumba kutoka Marekani huja na gia nyingi na tairi za saizi ambazo fundi wa chini ya mwembe, aliyezoea baiskeli za Phoenix na Hero, hana spea zake. Cheni ikikatika mara mbili, zawadi huegemezwa ukutani, na kuku wakapata pa kulala.

Dawa yake ilikuwa kupeleka mafunzo, vifaa na spea pamoja na baiskeli, na kumwachia mwenyeji karakana iwe mali yake. Mjini Koforidua, Ghana, ushirika wa Ability Bikes unaendeshwa na watu wenye ulemavu wa viungo. Wanapokea makontena, wanatengeneza baiskeli, wanaziuza kwa bei ambayo mwananchi anaimudu, na mapato ndiyo mishahara yao. Watu ambao jamii ilizoea kuwapa sadaka leo ndio wanaopelekewa kazi na wenye miguu mizima. San Andrés Itzapa, Guatemala, mafundi wa shirika la Maya Pedal huzikata baiskeli na kuzigeuza mashine za kuvuta maji na kusaga mahindi, zisizohitaji umeme wala dizeli. Ubunifu wa namna hiyo tunao hata kwetu: fundi Bernard Kiwia wa Arusha amepata sifa kwa vifaa vinavyoendeshwa kwa pedeli, kikiwamo cha kuchaji simu.

Boston nako hakukusahauliwa. Tangu miaka ya 1990, vijana wa mitaa ya mji huo wamekuwa wakifundishwa kufumua na kuunganisha baiskeli, na wakihitimu huondoka na baiskeli waliyoitolea jasho. Kanuni ni ileile ya Koforidua: anayepewa ujuzi harudi kesho kuomba.

Mkono wa mmoja wa waasisi wa shirika hili umefika hadi Dar es Salaam. Mwaka 1985 Replogle alianzisha taasisi ya sera za usafiri, ITDP, ambayo baadaye ilishiriki katika kuushauri mradi wa mabasi ya mwendokasi. Mradi huo uliipatia Dar es Salaam Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, ikiwa jiji la kwanza la Afrika kuipata. Kando ya barabara ya Morogoro zilijengwa pia njia za baiskeli. Anayezitumia leo anajua jinsi pikipiki na meza za biashara zilivyozigeuza kuwa zao.

Ndiyo maana hatutaki pongezi hizi ziishie Boston. Baiskeli ilibeba abiria wa kwanza wa bodaboda mpakani Busia, na bado hubeba maji, mkaa, maziwa na wanafunzi katika vijiji vyetu. Halmashauri zilinde njia chache za baiskeli zilizopo kabla ya kuahidi nyingine. Vyuo vya ufundi vimpe fundi baiskeli heshima na cheti kama anavyopewa fundi magari. Na ndugu zetu walioko ughaibuni, pamoja na parokia, misikiti na vikundi vinavyoandaa kontena la baiskeli la kutuma nyumbani, wasilifunge kabla ya kujibu maswali mawili: nani atazitengeneza, na spea zitatoka wapi? Kama majibu hayapo, nauli ya kontena hilo itumike kwanza kumsomesha fundi.