Mkaguzi Naye Hukaguliwa: Makubaliano ya Marekani na China na Funzo Lake kwa Afrika Mashariki

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya leo daftari lipo, lakini mara nyingi huandikwa katika nchi moja, huthibitishwa na mkaguzi aliyesajiliwa katika nchi ya pili na husomwa na mwekezaji aliye katika nchi ya tatu. Swali linalozikabili serikali nyingi ni nani mwenye mamlaka ya kuipima kazi ya mkaguzi huyo pale inapovuka mpaka. Makubaliano yaliyotiwa saini na Marekani na China tarehe 26 Agosti, 2022 ni miongoni mwa majibu yaliyofuatiliwa kwa karibu zaidi duniani, na yana mafunzo kwa nchi zinazounganisha masoko yake ya mitaji.

Mwananchi anayefuatilia taarifa za kila mwaka za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anafahamu maana ya hati safi na hati yenye shaka. Katika kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa, hati ya aina hiyo hutolewa na kampuni binafsi ya ukaguzi, nayo kwa kawaida haizidi kurasa chache. Ushahidi uliomfikisha mkaguzi kwenye maoni yake haumo ndani ya hati. Umo katika nyaraka za kazi: barua za benki zilizothibitisha salio, mikataba iliyosomwa, mahesabu ya bidhaa ghalani na maswali aliyoulizwa mhasibu wa kampuni. Msimamizi asiyeweza kuziona nyaraka hizo analazimika kuiamini hati kwa sura yake tu.

Chanzo cha mvutano

Baada ya kuanguka kwa kampuni ya nishati ya Enron mwaka 2001, Marekani ilitunga Sheria ya Sarbanes-Oxley ya mwaka 2002 na kuunda bodi ya kusimamia wakaguzi wa kampuni zilizoorodheshwa, ijulikanayo kwa kifupisho cha PCAOB. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kampuni ya ukaguzi inayokagua hesabu za kampuni iliyoorodheshwa katika masoko ya Marekani hulazimika kujisajili na kukubali kazi yake ipimwe, hata kama ofisi zake ziko nje ya nchi hiyo. Kwa miaka mingi maofisa wa bodi hiyo wamefanya kazi katika nchi na maeneo mbalimbali kwa makubaliano na mamlaka za huko. China bara na Hong Kong zilibaki kuwa mlango uliofungwa.

Hoja ya China ilikuwa ya mamlaka ya dola. Nyaraka za kazi za mkaguzi zinaweza kubeba taarifa za raia, siri za biashara na hata mambo yanayogusa usalama wa taifa, hasa pale kampuni inayokaguliwa inapokuwa na wateja wengi au inaposhirikiana na vyombo vya serikali. Sheria ya Dhamana ya China iliyoanza kutumika Machi, 2020 inazuia mamlaka za kigeni kufanya uchunguzi moja kwa moja ndani ya nchi hiyo, na inakataza nyaraka hizo kutolewa nje bila kibali. Hoja hiyo si ya kubezwa. Hakuna serikali inayofurahia kuona maofisa wa nchi nyingine wakiingia katika ofisi zilizo kwenye ardhi yake na kuondoka na makasha ya nyaraka.

Upande wa pili, Marekani ilishikilia kwamba anayechukua fedha za wawekezaji wake lazima afuate masharti yale yale yanayowabana wengine. Hati ya ushirikiano iliyotiwa saini mwaka 2013 ilihusu kubadilishana nyaraka wakati wa uchunguzi wa makosa, lakini haikufungua njia ya upimaji wa kawaida wa kazi za wakaguzi. Aprili, 2020 kampuni ya kahawa ya Luckin ya China, iliyokuwa imeingia katika soko la Nasdaq mwaka mmoja kabla, ilitangaza kuwa uchunguzi wake wa ndani umebaini mauzo ya kubuni ya takribani yuan bilioni 2.2. Desemba mwaka huo Marekani ilipitisha sheria iliyotaka kampuni za kigeni ziondolewe katika masoko yake endapo wakaguzi wake hawatapimika kwa miaka mitatu mfululizo. Muda huo baadaye ulipunguzwa hadi miaka miwili. Zaidi ya kampuni 200 za China zikawa hatarini kupoteza nafasi yake.

Yaliyokubaliwa

Makubaliano ya Agosti, 2022 yalitiwa saini na PCAOB, Tume ya Kusimamia Masoko ya Dhamana ya China na Wizara ya Fedha ya nchi hiyo. Kwa upande wa Marekani, mambo matatu yalipewa uzito. Bodi ichague yenyewe kampuni na kazi za kupimwa bila kuomba ushauri wa mamlaka za China. Maofisa wake waone nyaraka za kazi zikiwa kamili, pasipo kurasa zilizofutwa. Aidha, wawe na haki ya kuwahoji wahusika wote wa kazi waliyoichagua.

Kwa upande wa China, mamlaka zake zilieleza kuwa nyaraka zitapatikana kwa kupitia kwao na kwamba maofisa wake watashiriki katika mahojiano. Kwa taarifa zenye unyeti, ikiwemo za watu binafsi, uliwekwa utaratibu wa kuzitazama tu bila kuzichukua. Kazi yenyewe ilifanyika Hong Kong. Kwa njia hiyo msimamizi wa Marekani alipata ushahidi aliouhitaji, na China haikulazimika kuachia udhibiti wa taarifa zake. Kila upande uliondoka mezani ukiwa na jambo la msingi ulilolidai.

Matokeo hayakuchelewa. Kati ya Septemba na Novemba, 2022 timu ya maofisa zaidi ya 30 ilipima kazi nane za ukaguzi katika kampuni mbili, KPMG Huazhen ya China bara na PwC ya Hong Kong. Taarifa zilizotolewa Mei, 2023 zilionesha kuwa kazi saba kati ya hizo nane zilikuwa na upungufu mkubwa. Ni vyema ifahamike kuwa upungufu wa aina hiyo haumaanishi kwamba hesabu za mteja zilighushiwa. Maana yake ni kwamba mkaguzi alitoa maoni kabla ya kukusanya ushahidi wa kutosha. Novemba mwaka huo bodi ilitangaza faini zinazokaribia dola milioni 8 dhidi ya kampuni tatu za China na Hong Kong. Katika mbili kati ya hizo, wafanyakazi walikuwa wamepeana majibu ya mitihani ya mafunzo kazini.

China nayo haikukaa kando. Septemba, 2024 mamlaka zake ziliitoza PwC Zhong Tian adhabu ya jumla ya yuan milioni 441 na kuisimamisha kazi kwa miezi sita kutokana na ukaguzi wa kampuni ya nyumba ya Evergrande, ambayo tawi lake kuu lilikutwa limekuza mapato ya miaka ya 2019 na 2020 kwa zaidi ya yuan bilioni 560. Tukio hilo linaondoa dhana kuwa usimamizi wa wakaguzi ni matakwa ya wageni. Walioumia katika anguko la Evergrande ni pamoja na familia za Kichina zilizolipia nyumba kabla hazijajengwa.

Funzo kwa Afrika

Bara la Afrika limewahi kulipa gharama ya hesabu zilizovuka mipaka. Desemba, 2017 kampuni ya samani ya Steinhoff, yenye chimbuko lake Afrika Kusini, ilikiri kuwepo kwa kasoro katika hesabu zake. Kampuni hiyo ilikuwa imesajiliwa Uholanzi na hisa zake ziliuzwa Frankfurt na Johannesburg. Thamani ya hisa iliporomoka kwa zaidi ya asilimia 80 ndani ya siku chache, na miongoni mwa waliopata hasara ni mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali wa Afrika Kusini. Uchunguzi uliokamilika mwaka 2019 ulibaini miamala ya kubuni au isiyo ya kawaida yenye thamani ya euro bilioni 6.5. Mwalimu na muuguzi waliokatwa mishahara kwa ajili ya uzee wao hawakuwahi kuchagua mkaguzi wa Steinhoff, lakini waliibeba sehemu ya hasara.

Katika Afrika Mashariki, kampuni zenye makao nchini Kenya kama KCB na East African Breweries zimeorodheshwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, hivyo Mtanzania anaweza kununua hisa ambazo hesabu zake zimekaguliwa Nairobi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai, 2010, inazitaka nchi wanachama kutambua sifa za kitaaluma, na wahasibu walikuwa miongoni mwa taaluma za mwanzo kutia saini makubaliano ya kutambuana. Hiyo ni hatua ya msingi. Hata hivyo, kutambuana kunajibu swali la nani anaruhusiwa kufanya kazi, ilhali usimamizi wa pamoja unajibu swali la kazi hiyo imefanywaje. Maswali hayo mawili yanahitaji taratibu mbili. Chombo cha kimataifa cha wasimamizi wa wakaguzi, IFIAR, kilichoundwa mwaka 2006 na chenye sekretarieti Tokyo, kina hati ya pamoja ya kubadilishana taarifa tangu mwaka 2017, inayoweza kuwa kielelezo.

Mfano wa Marekani na China una mipaka yake. Makubaliano hayo yanadumu kadiri mlango unavyoendelea kuwa wazi, na sheria ya kuziondoa kampuni sokoni bado ipo. Mwaka 2025 Bunge la Marekani lenyewe lilijadili pendekezo la kuifuta PCAOB na kuhamishia kazi zake kwa tume ya dhamana, ingawa halikupita. Makubaliano kati ya serikali huhitaji taasisi imara zinazobaki kuyatekeleza baada ya waliotia saini kuondoka.

Kwa mwekezaji mdogo, lipo jambo la kufanya tangu sasa. Kila taarifa ya mwaka ya kampuni iliyoorodheshwa hubeba jina la mkaguzi na mahali alipotia saini. Kabla ya kununua hisa, ni busara kulisoma jina hilo na kujua ni mamlaka ipi inayompima. Nchini Tanzania, kazi ya kuwasajili na kuwasimamia wakaguzi iko chini ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 33 ya mwaka 1972.