Kitendawili si Mchezo wa Kupoteza Wakati

Miongoni mwa kasumba tulizorithi katika elimu, iliyo ngumu kutoka ni ile inayomwaminisha kijana kwamba masomo ni lazima yachushe ndipo yawe masomo. Kwa imani hiyo, mwanafunzi anayecheka darasani huhesabiwa kuwa mtundu, na yule anayerudia ukurasa mmoja mara ishirini, huku macho yamemwiva kwa usingizi, husifiwa kuwa mwenye bidii. Sisi twaikataa imani hiyo. Kusoma kwa namna hiyo ni kuteka maji kwa pakacha. Na chombo kisichovuja tunacho, nacho ni utamaduni wetu wenyewe.

Tutazame Kilimatinde, katika Wilaya ya Manyoni, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Hapa ni Ugogoni. Kabla ya daftari kufika, nasaba za koo, miiko na mafunzo ya jando vilitunzwa vichwani mwa watu. Vilifungwa katika nyimbo, methali na vitendawili, vikasindikizwa na zeze na ngoma. Na jioni, vijana walitahiniwa. Mmoja husema, "Kitendawili!" Wenziwe hujibu, "Tega!" Kila mmoja hulazimika kulitafuta jibu ndani ya kichwa chake, na akishindwa hutoa mji. Je, huo si mtihani? Tofauti ni kwamba mtihani huo haukumtetemesha mtu.

Waliodhani huo ni upuuzi wa wazee na wasikie habari za mwaka 2006. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Baadhi waliirudia kuisoma. Wengine walifunika karatasi wakajaribu kuikumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojitahini ndio waliokumbuka zaidi. Kumbe bibi zetu walipotega vitendawili walikuwa wakifanya jambo ambalo maabara imelithibitisha juzi tu!

Basi turudishe chombo hicho kazini. Mwalimu wa biolojia na atege: "Mpishi wangu ana nguo ya kijani, hapiki bila jua." Darasa litakapojibu, "Jani!", somo la klorofili limekwisha kupata ndoano ya kuning'inia. Waingereza huwakumbusha watoto wao rangi za upinde wa mvua kwa sentensi juu ya Richard wa York, mtu wa historia yao. Nasi tuna nini cha kutuzuia kusema: "Zeze zuri Dodoma, mpigaji Mgogo, zawadi utampa nini?" Herufi za mwanzo za maneno hayo manane zinazipanga sayari zote kutoka kwenye jua: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni.

Au tuchukue Reli ya Kati. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mwanafunzi na aipange safari hiyo katika njia yake ya kila siku: Dar es Salaam aiweke mlangoni kwao, Morogoro kisimani, Dodoma chini ya mbuyu, Tabora sokoni, Kigoma katika lango la shule. Siku ya mtihani ataitembea njia hiyo moyoni. Cicero wa Roma aliieleza mbinu hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lakini mbuyu ni wetu.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba muhtasari ni mrefu na hakuna wakati wa michezo. Twawajibu: wakati unaopotea ni ule wa kufundisha leo jambo litakalosahauliwa kesho kutwa. Wapo pia watakaosema kwamba hii ni kukariri kulekule, kumevishwa kanga mpya, na kwamba Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 na Azimio la Musoma la 1974 vilikwisha kuonya juu ya kuutukuza mtihani. Hoja hii ni nzito. Zeze letu haliwezi kueleza kwa nini Zohali ina pete. Kueleza ni kazi ya mwalimu, na mbinu ya kumbukumbu isiyo na maelezo ni ganda lisilo na kiini.

Lakini tuulize ni nani hasa anayekariri kikasuku. Ni kijana anayeota kwa Kigogo, anayecheza kwa Kiswahili, kisha sekondari akatakiwa kujibu kwa Kiingereza. Asiyeelewa sentensi hana njia ila kuimeza nzima. Huyo, ambaye nyumbani hana kitabu wala mwalimu wa ziada, ndiye tunayemnyang'anya silaha tunapouacha utamaduni wake nje ya mlango wa darasa, kisha tukamwita mzito wa kichwa.

Walimu, fungueni mlango huo. Nanyi wanafunzi, msingoje ruhusa: jioni hii funikeni madaftari, kaeni duara, mtegeane masomo yenu. Atakayeshindwa na atoe mji. Kisha aelezwe jibu, na sababu ya jibu, mpaka naye aweze kumtega mwingine.