Lehemu ya Risasi na Mfanyakazi

Tangu mwaka 2018 nchi za Umoja wa Ulaya zimekataza kumwuzia mtu wa kawaida lehemu yenye risasi ya kufikia 0.3 kwa mia au zaidi. Ile waijuayo sana mafundi wa redio, sehemu 60 za stani na 40 za risasi, huuzwa kwa watu wa kazi tu. Kijana atengenezaye redio nyumbani kwa kujifurahisha hana budi kutumia isiyo na risasi, ambayo kwa kawaida huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 217 za sentigredi, hali ile ya zamani huanza kwenye 183.

Sisi hatubishi kwamba risasi ni sumu. Yadhuru ubongo wa mtoto na kizazi cha mtu mzima. Lakini katika kulehemu hasa huingia mwilini kwa vidole, vikitoka kwenye lehemu vikashika mkate. Moshi uonekanao ni wa utomvu wa msonobari, nao waweza kuleta pumu hata pasipo risasi.

Basi twauliza: mbona ashikaye kipande jioni moja kwa wiki akatazwe, na ashikaye mchana kutwa kwa ujira aruhusiwe? Wenye sheria hujibu kwamba mwajiri amefungwa na sheria nyingine za kumlinda mfanyakazi. Jibu hilo ni la haki pale penye maji, sabuni na kipimo cha damu. Katika karakana ya watu watatu, ni nani avikaguaye?