Eti Gaspara Alikuwa Changudoa?

Mwezi huu niko na Gaspara Stampa, dada wa Venice wa karne ya 16. Mwimbaji, mshairi, na alipenda hasa! Mwanaume mwenyewe, Collaltino, mtoto wa kishua, akaenda zake Ufaransa vitani. Gaspara hakuishia kulia chumbani, aliandika. Mashairi yake yakapita 300. Alifariki mwaka 1554, na mwaka huohuo dada yake, Cassandra, akahakikisha yamechapishwa.

Sasa sikia hii. Mwaka 1913 msomi Abdelkader Salza aliyatoa upya, akamweka Gaspara kitabu kimoja na Veronica Franco, kahaba maarufu wa Venice, akashikilia kuwa naye ni walewale. Ushahidi? Wa kuungaunga. Hajaolewa, anaimba mbele za wanaume, anasema anavyojisikia: basi, jina limeshampata (hata mtaani kwenu lipo). Mashairi nayo akayapangua. Wasomi wa baadaye, wengi wao wanawake, wamelifungua faili hilo upya, wakaanza kumsoma kama fundi wa ushairi. Mwaka 2010 University of Chicago Press ikayatoa yote kwa mpangilio wa 1554, ule wa Cassandra.